Kwa Domnica, Kutoka Kwetu na Neculai Aliyekaa Kwenye Swichi

Mwaka umetimia, Domnica, tangu saa ile ya mchana ulipokuwa kibarazani ukimenya pilipili hoho za kuchoma. Ulisema umechoka kidogo, ukaegemea kiti, hukuinuka tena.

Miaka ishirini na sita ulichomelea meli hapa bandarini Galați, mwanamke pekee katika kikosi chako. Chakula chako ulikila umesimama, mkate na jibini. Fundi mgeni akiharakisha, ulimwambia, "Polepole, mwanangu, chuma hakikimbii," basi.

Kisha moyo wako ukaanza kuruka mapigo. Wakakuwekea kifaa cha betri chini ya ngozi, karibu na bega la kushoto, kiupigishe. Daktari akaonya kwamba umeme wa kuchomelea unaweza kukivuruga. Kazini wakakuhamishia stoo. Miezi minne ukagawa glovu, ukashindwa kuvumilia, ukaacha kazi ili ufungue karakana yako nyuma ya nyumba.

Neculai, mumeo, akamwomba fundi umeme kwa siri asikuunganishie waya. Ukajua. Wiki sita hukumsemesha.

"Mwambie baba yako anisogezee chumvi," ulimwambia Ruxanda, binti yenu.

"Mama, si huyo hapo?"

"Namwona."

Mwisho yeye mwenyewe akakupeleka kwa daktari, akaandika masharti yote: umeme mdogo, waya usipite kifuani, mashine ikae mbali nawe, upumzike mara kwa mara, usiwe peke yako kamwe. Mkiwa njiani kurudi akasema, "Haya. Mimi nitakaa kwenye swichi."

Alikaa miaka mitatu, dereva mstaafu wa tramu, juu ya ndoo iliyofunikwa gunia kando ya swichi, tayari kuzima, mgongo ukimuuma. Siku moja ulipiga chafya, akazima.

"We mzee, chafya tu hiyo."

"Nimeona umeyumba."

"Washa, chuma kinapoa."

Siku nyingine uliyumba kweli, ukapiga magoti. Akazima, akakuburuta hadi uani. Ulipopata pumzi ukasema, "Leo inatosha." Tulidhani umeacha. Baada ya wiki, daktari alipokuruhusu, ulivaa aproni, naye bila neno akaenda kukaa pale pale. Geti la shule lilimalizika hivyo, na ngazi ya jirani, na uzio wa makaburi unamolala sasa.

Wakati mwingine aliomba uichoke kazi kabla yeye hajachoka kukaa. Alitwambia hayo mwaka huu, na tumeona uyajue.

Jumapili, baada ya ibada, tutagawa ngano tamu ya kuchemsha, ya kumkumbuka marehemu, uliyozoea kuwapikia wengine. Ruxanda ataipika, utamsamehe ikizidi sukari.

Tulimuuliza Neculai tuandike nini. "Andikeni nilichoka," akasema. "Na kwamba ningekaa tena."

Wanaokukumbuka ni mumeo Neculai, binti yako Ruxanda na mumewe Iordan, mjukuu wako Ilinca, na kaka yako Costache. Maadamu tupo, Domnica, hutasahaulika kwetu.