Picha ya Kumi na Mbili ya Mama

Jumamosi, 1 Desemba 1984

Mwaka unakatika. Nimekaa kwenye stuli naangalia ukuta. Chumba hiki nyuma ya mashine ya kusaga nakiita Studio tangu Januari, na ni Studio kweli, imeandikwa mlangoni kwa mkono wangu mwenyewe. Mabango kumi na tisa! Picha za simba za kuwauzia watalii sijahesabu. Turisti mmoja alilia mbele ya tembo wangu — machozi kabisa, mkewe akamshika asianguke. Niliishia darasa la tatu, lakini hapa Karatu hakuna duka lisilojua brashi yangu.

Picha moja tu imenishinda. Ya mama.

Nilimwahidi dada Germana siku ya mwaka mpya, mbele ya watu, pombe imenipanda: Krismasi haifiki hujamwona mama. Mama hakuwahi kupigwa picha. Na daktari wa macho ameshamwambia dada, jicho la kulia basi tena, la kushoto linafuata. Hataki kingine, anataka kumwona mama kabla. Nikamwambia mama namkumbuka mpaka jino lililokatika.

Uongo. Alipokufa nilikuwa na miaka mitatu. Naandika humu tu.

Jumatatu, 3 Desemba

Nimempelekea dada picha ya kumi na moja. Akaisogeza mpaka puani. Akasema huyu ni mama wa kanisani. Mama yetu hakufunga kitambaa maisha yake yote, alikuwa akinyoa kichwa.

Hyasinta, binti yake, akaja kuchungulia. "Mjomba! Huyu si Leonida wa genge la nyanya? Mpaka kidoti umempa!"

Kweli nilimwangalia Leonida. Kidogo tu. Nikasema mwanga wa nyumba yao ndio mbaya.

Dada hakucheka. Akasema polepole kwamba hata yeye uso ule umeanza kumtoka. Akifumba macho anauona, halafu unageuka unakuwa wa Hyasinta. "Fanya haraka, Klemensi. Nikiwa bado naweza kukukosoa."

Ijumaa, 7 Desemba

Mvua. Rangi nyeupe imekwisha, madukani hakuna. Sijashika brashi.

Jumatano, 12 Desemba

Leo nimeaibika! Mzee Olais ameshuka kutoka Ngorongoro kuchukua picha ya maksai wake mwekundu, yule aliyekufa na ukame. Anataka kuitundika kwa mwanawe, huko Wasso. Mimi maksai yule nilimwona mara moja, tena kwa mbali, nikamwambia mzee kwa jicho langu hiyo inatosha kabisa.

Akasimama, fimbo kwapani. Halafu: "Rafiki, sikio hili limekatwa kushoto. Sisi tunakata kulia. Huyu ni ng'ombe wa watu wengine. Mwanangu akimtundika, watasema baba yake mwizi!"

Nikabisha! Nikamwambia kwenye picha sikio la kulia huwa linahamia kushoto. Akacheka mpaka akakalia kopo la rangi.

Kisha akauliza, kwani uso wa nini? Alimchunga miaka tisa, yeye nyuma, maksai mbele. Alichokiona kila siku ni mgongo na mkia. "Nichoree huko, nitamjua hata nikiwa na usingizi."

Tukacheka wote. Alipoondoka mimi nikaacha kucheka.

Alhamisi, 13 Desemba

Mama namkumbuka. Sio uso — nilikuwa mgongoni! Mtoto wa mgongoni anaona nini? Kisogo. Shingo ikimeta samli na jasho. Uzi wa shanga za buluu, moja imepasuka. Sikio la kushoto, tundu lake limechanika. Harufu ya ngozi ya mbuzi aliyonibebea. Naijua shingo ile kuliko ninavyojua mkono wangu.

Mwaka mzima namtafuta mama upande ambao sikuwahi kukaa.

Jumatatu, 17 Desemba

Siku nne sijatoka. Nimechora kwenye kipande cha turubai la lori, rangi nyekundu ya mabati na masizi. Mkono ulikuwa unakwenda wenyewe. Sijisifu. Ila shingo ile — hata Ulaya hawana shingo kama ile.

Naogopa kumwita dada. Aliomba uso.

Jumamosi, 22 Desemba

Wako hapa. Hyasinta amemleta mama yake amemshika mkono, tumemkalisha mlangoni kwenye mwanga. Dada akainamia turubai, nikamwambia angalia, rangi mbichi. Nikaanza kuwahadithia faru mmoja wa kreta ya Ngorongoro aliyesimama saa nzima nimchore.

"Mjomba, nyamaza."

Dada akapitisha kidole hewani, juu ya zile shanga, bila kugusa. "Anakwenda mtoni," akasema. "Mimi niko nyuma na kibuyu."

Sikuwa nimefikiria hilo! Alikuwa na miaka tisa, alitufuata nyuma kila siku. Akacheka kicheko cha msichana, sijakisikia miaka. Halafu akaanza kutafuta kitu, pua inashuka na turubai, inapanda tena.

"Wewe uko wapi?"

"Mimi?"

"Ulikuwa hapa. Kichwa chako kikubwa kilikuwa hapa hapa." Akaonyesha penyewe: kisogo, shanga, sikio. "Mimi shingo hii nilikuwa siioni, nilikuwa nakuona wewe. Jitie, nimwone kama nilivyokuwa namwona."

Nikamwambia, dada, nikijitia hapo namfunika. Shingo hii ndiyo mama yote niliyo nayo.

Akanitafuta kwa lile jicho moja mpaka akanipata. "Najua, mdogo wangu. Lakini mwanga bado upo. Na mimi bado naona."

Hyasinta ameshachanganya rangi ya kahawia. Amenishikia brashi. Mimi nimegeukia ukutani na daftari, nimewaambia naandika vipimo vya kichwa, kumbe naandika haya.

Dada anauliza vipimo gani hivyo, Klemensi, kichwa si unacho?