Sehemu Moja Tu, Kisha Nitaondoka

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua hii na ikukute mgongo umekuachia, shemeji mzima, na watoto wakiendelea kukusumbua kama watoto wenye afya. Ile cherehani yako ya pili imepata fundi, au bado inaruka nyuzi? Mimi ni mzima. Viganja vimeota sugu kwa maji moto na sabuni, lakini hiyo ndiyo kazi, wala usiwe na wasiwasi.

Najua utashangaa kupata barua kutoka kwangu wakati tunazungumza kila Jumapili saa kumi alasiri. Nimejaribu Jumapili tatu kukuambia hili kwenye simu nikashindwa. Simu ina vichochoro vingi. Mtu akibanwa anauliza habari za mvua. Leo ni siku yangu ya mapumziko. Nimefungua dirisha, nimekaa mezani, na sitainuka mpaka nimalize.

Nianze na maisha ya hapa, maana sijawahi kukueleza sawasawa. Chumba changu kiko ghorofa ya tatu, nyuma ya hoteli ninapofanya kazi. Nina kitanda, meza, televisheni na viti viwili. Kiti cha pili nilikinunua kwa ajili ya wageni, na mpaka leo aliyekikalia ni rundo la nguo safi. Kazini tuko madobi sita, chini kabisa ya jengo, mahali pasipo na dirisha. Mashine zinanguruma kiasi kwamba ukitaka kumsemesha mwenzako lazima kwanza umguse bega. Mashuka tunayakunja wawili wawili. Unashika ncha zako, mwenzako anashika zake, mnasogeleana, mnaachana. Kuna siku narudi chumbani nikikumbuka kwamba huko ndiko kusogelewa kwangu kote kwa siku nzima. Sisemi ili unihurumie. Nasema ili ujue Jumapili ilikuwa na uzito gani kwangu.

Unakumbuka Mama alivyoipenda ile tamthilia ya wenye kiwanda cha mikate. Sisi wawili tulikaa chini, yeye kwenye kiti chake, na yule mke wa pili wa mwenye kiwanda, mwenye hila, Mama akampa jina la Kucha Ndefu. Alikuwa akimwonya kana kwamba anasikia. Alimwambia, mwanangu, utakuja kulia na hutakuwa na wa kukufuta machozi. Nilipopata kazi huku tuliendelea kuitazama, kila mtu kwake, na Mama akikupokonya simu ili anisimulie mambo ambayo na mimi nimeyaona.

Alipofariki, mimi na wewe tuliishiwa maneno. Jumapili ya kwanza baada ya mazishi ulinipigia, tukasalimiana, kisha kukawa kimya. Nilisikia unavyopumua. Nilidhani utaaga. Badala yake ukaniuliza kama nimeona alichofanya Kucha Ndefu juzi. Tukazungumza saa nzima. Tangu siku hiyo, miaka miwili sasa, hatujakosa Jumapili hata moja, na ni kama hatujazungumza jambo jingine.

Sasa sikiliza. Mimi niliacha kuitazama tamthilia ile mwaka jana. Ungesema ni kwa sababu iliharibika, na kweli iliharibika. Mzee mwenye kiwanda alizikwa msimu wa pili, akarudi msimu wa tano na masharubu, eti alikuwa amepoteza kumbukumbu. Mwokaji akagundulika ana pacha, na sikushangaa nilipoambiwa pacha naye ana pacha. Waandishi wake walikuwa kama mgeni aliyekwisha kuaga mara tatu na bado amesimama mlangoni. Lakini hiyo siyo sababu yangu. Sababu yangu naifikia.

Nilipoacha, niliogopa kukuambia. Nilijiuliza, tutazungumza nini? Kazini kulikuwa na mama mmoja wa pasi, tunamwita Bi Mvuke, aliyekuwa hakosi hata sehemu moja ya tamthilia ile. Kila Jumamosi nilihakikisha nakunja mashuka naye, naye akinipigia kelele sikioni nani kamsaliti nani. Jumapili nilikusimulia wewe kama niliyeona kwa macho yangu. Mwezi uliopita Bi Mvuke alihamia kazi nyingine. Hakuniaga. Jumapili ikafika, simu ikaita, nami sina kitu.

Nikatunga. Nilikuambia Kucha Ndefu ameuza kiwanda, amejifunga kitambaa kichwani na kwenda kwa dada yake kuomba radhi. Dada akamfungia mlango, kisha akaufungua tena. Niliyatoa kichwani pale pale, nikitazama ukuta. Ukasema, “Niliona, mdogo wangu. Nililia mpaka shemeji yako akaniuliza kuna nini.”

Hakuna sehemu kama hiyo, dada.

Tulipokata simu nilikaa muda mrefu. Sikukasirika. Nilijiuliza umeacha lini kuitazama, na umekuwa ukimuuliza nani. Labda wateja wako, unapowapima mabega. Nilijiona mjinga, halafu nikaona jinsi ulivyonihangaikia, kwamba umekaa na hadithi usiyoipenda ili tu mdogo wako asikae peke yake na simu yake. Kama ningekuwa na moyo safi ningecheka na kukupigia palepale. Lakini uongo wako ulikuwa wa kunibeba, na mimi nina uongo mwingine ambao umekuwa ukiubeba wewe bila kujua.

Wiki ile Mama alipozidiwa, ulinipigia ukaniambia upande mmoja wa mwili umelala, ulimi umekuwa mzito, lakini jina langu analitaja, nije. Nilikuambia msimamizi amekataa kunipa ruhusa. Ulimlaani mtu yule. Mpaka leo ukimtaja humtaji kwa heshima.

Msimamizi hakukataa. Alinipa siku saba na kuniambia niondoke hata kabla zamu haijaisha. Nilifunga begi. Basi lilikuwa la saa nane mchana. Saa tano nilikaa kitandani, nikafungua tamthilia mtandaoni, msimu wa zamani, nikajiambia sehemu moja tu, kisha nitaondoka. Nilikuwa naogopa, dada. Nilimtaka Mama anayemgombeza Kucha Ndefu, sikumtaka huyo uliyenieleza, ambaye mkono wake ni wa kunyanyuliwa na mtu mwingine. Sehemu ikaisha, nyingine ikaanza yenyewe, wala sikunyosha kidole kuizuia. Saa nane ilipita nikiitazama. Nikasema nitapanda basi la kesho. Kesho yake nikasema hivyo hivyo, na siku iliyofuata pia. Nilimaliza msimu mzima. Siku ya nne, saa nne asubuhi, ukapiga simu kuniambia Mama ametutoka. Kabla ya kupokea nilipunguza sauti ya televisheni ili usisikie. Sikuizima. Niliipunguza tu.

Nilipofika msibani ulinikumbatia mlangoni ukaniambia, pole, wangekuruhusu ungemwahi. Nami nikaipokea ile pole. Nimekaa nayo miaka miwili. Mwanzoni nilijilazimisha kuendelea kuitazama kwa ajili ya Jumapili zetu, mpaka mwaka jana nikashindwa. Muziki wa kufungulia ile tamthilia ukipigwa popote, hata dukani, natoka nje.

Sikuombi msamaha kwa karatasi. Ukitaka kumweleza shemeji, mweleze. Ukitaka kunigombeza, nina haki ya kugombezwa na wewe, maana aliyebaki wa kunigombeza ni wewe tu. Ninachoomba ni kimoja. Wewe ulikuwepo siku zile nne. Sijawahi kukuuliza kitu, na wewe, kwa huruma yako, hujawahi kunisimulia. Nataka unieleze kila kitu tangu siku ya kwanza mpaka ya nne: alikula nini, alilala upande gani, alipolitaja jina langu wewe ulimjibu nini. Usinifichie hata yale mabaya. Nitasikiliza mpaka mwisho.

Jumapili nitakaa na simu kama kawaida. Usipopiga nitaelewa, na Jumapili itakayofuata nitapiga mimi.

Msalimie sana shemeji, na watoto uwaambie mjomba wao anawawaza. Barua hii usiisome mbele yao. Pumzisha mgongo, na kazi za harusi usizipokee zote kwa pamoja.

Nakutakia heri, dada yangu, na nakushukuru kwa Jumapili zote.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba