Korongo Wanangoja Jua

Jumanne alasiri, Gorong'a. Mawingu yamelala juu ya mapaa tangu asubuhi.

Naogopa, wapendwa. Naandika haraka kwa simu, mnisamehe makosa.

Huku kwetu tumekua tukiambiwa kwamba korongo weupe wakiondoka, mvua kubwa imefika. Tangu watu waanze kukimbilia dhahabu, wachimbaji nao wanafuata hilohilo. Korongo wakiwepo mashambani, wachimbaji wanashuka duarani, kwenye shimo la dhahabu. Wakiondoka, shimo linapumzishwa, maana udongo ukilowa unamfunika mtu.

Leo korongo wako kwenye mahindi yangu, wanaokota viwavi. Mume wangu, Baba Bhoke, kawaona, kafurahi. Kashuka.

Lakini mimi ndiye ninayepalilia pale. Kila mwaka nawatazama ndege wageni wakirudi kaskazini, na hawaondoki kwa namna moja. Mbayuwayu hana makuu: anapita chinichini, anakula wadudu hukohuko hewani, mawingu kwake si kitu. Wale wa rangi nyingi wanaokula nyuki huenda kwa kundi, wanaitana juu kule kama watoto waliotoka shule, asipotee hata mmoja. Korongo ni mzito. Anangoja jua liipashe ardhi moto, hewa imnyanyue, azunguke, azunguke, mpaka awe nukta.

Bila jua, haendi.

Mbayuwayu wameshaondoka. Wale wanaokula nyuki nao siwasikii tena. Korongo kabaki kwa kukosa jua tu, mvua haiko mbali hata kidogo.

Asubuhi nilimwambia. Akanijibu mbele ya wenzake, "Mama Bhoke, siku hizi ndege wanapita kwako kuaga?" Wakaangua kicheko. Nikaona aibu, nikarudi nyumbani.

Aibu ya nini, Mungu wangu?

Hapa ninapoandika, radi imenguruma upande wa Serengeti. Nimejaribu kusali Zaburi, maneno yanakatika katikati. Wachimbaji hutoka duarani giza likiingia. Mvua haitangoja giza.

Mwanamke hasogelei mdomo wa duara, wanasema dhahabu inakimbia.

Basi na ikimbie.

Nimeshajifunga kanga. Nitasimama pale juu nimwite kwa jina lake lenyewe, lile ambalo mke halitaji mbele za watu, na sitanyamaza mpaka nione kichwa chake kinatokea.

Niombeeni.