Kitanda cha Pili

Milimani, Hispania
9 Novemba 1997

Baba yangu,

Shikamoo. Mfikishie na Mama shikamoo yangu, na uniambie goti lake linaendeleaje. Mimi mzima, ila baridi ya huku inauma mpaka kwenye meno.

Chuo kimenileta kwa mazoezi kwenye hoteli ambayo ni shamba hasa: nyumba ya mawe juu mlimani, ng'ombe wanalala chini, wageni wanalala ghorofani. Watu wa mjini wanakuja na kulipa ili wakamue wenyewe! Mwenyeji wangu, Bibi Amparo, ni mjane, macho yake hayaoni vizuri. Kila jioni anaweka mezani mabakuli mawili ya supu, moja mbele yangu, jingine mbele ya kiti kitupu kando yangu. Nadhani ndiyo desturi yao.

Kuna jambo linanitisha. Chumba changu kina vitanda viwili. Kila asubuhi kile cha pili kimelowa. Natandua, naanika mashuka juu ya jiko, kesho yake kimelowa tena, na kinanuka dagaa. Hapa hakuna ziwa, Baba.

Mwanao,
Odeta

Butimba, Mwanza
14 Desemba 1997

Mwanangu Odeta,

Marahaba. Tumefurahi kuona mwandiko wako. Goti la mama yako linasumbua kwa sababu ya mvua, ambayo haijakatika wiki nyingi sasa. Nilimsomea jirani yetu Malimi habari za wageni wanaokamua. Alicheka hadi akakaa chini. "Mwalimu, waandikie waje kwenye zizi langu Igoma! Wakimaliza kukamua wazoe na mavi, bei ileile!"

Kuhusu kitanda, tulia. Hewa yenye joto ikigusa ukuta wa mawe uliopoa, hugeuka maji. Nimelifundisha hilo darasani miaka ishirini. Harufu nayo umeibeba mwenyewe sandukuni. Wewe umelelewa kwa dagaa.

Sasa jambo kubwa. Ni mwaka mmoja na nusu tangu meli izame na kaka yako Nestory, na ziwa halijamrudisha. Umekulia mjini, kwa hiyo nikueleze. Sisi Wahaya, mtu asipopatikana, tunakata shina la mgomba, tunalivika nguo yake, tunalizika kibanjani, kwenye shamba la migomba la ukoo, kwa jina lake kama tunavyozika mtu. Bila hivyo anabaki njiani, anatafuta watu wake. Padri nimezungumza naye, amekubali. Kinachokosekana ni nguo. Nestory alikuwa anahamia Mwanza, alizichukua zote. Limebaki lile sweta lake la kijani ulilokwenda nalo. Litume, mwanangu. Mama yako hapati usingizi.

Baba yako,
Mwl. Rwehumbiza

Milimani
20 Januari 1998

Baba,

Shikamoo. Natumaini mvua imepungua. Sweta siwezi kulituma.

Nestory hakulisahau. Siku ile nilipomsindikiza bandarini Bukoba, nilikuwa nimelivaa mimi. Akaniambia, "Odeta, nivulie sweta langu, ziwani kuna baridi." Nilikuwa nalipenda. Nikamjibu, "Kwani utakufa kwa baridi ya usiku mmoja?" Akacheka, akapanda.

Sasa analala hapa. Mazoezi yamekwisha, chuo kinaniita nirudi mjini, nimekataa. Kila jioni namtandikia. Nikilituma sweta ataondoka, na bado sijamwomba radhi.

Odeta

Butimba
22 Februari 1998

Mwanangu,

Marahaba. Hapa tu wazima. Barua yako nimeificha. Mama yako hataisoma. Sikulaumu. Ndugu hunyimana nguo kila siku, na meli hufika.

Lakini fikiri kama nilivyokufundisha, hatua kwa hatua. Aliomba sweta. Hakupewa. Amelifuata mpaka huko milimani. Hajaja kutafuta radhi, Odeta. Anasikia baridi. Mvishe.

Baba yako

Butimba
22 Aprili 1998

Odeta mwanangu,

Sijui kama u mzima, maana kifurushi kilifika bila barua. Kilikaa njiani wiki tano, na karatasi yake ilikuwa imelowa chapachapa. Teodora wa posta alikishika kwa vidole viwili. "Shikamoo, Mwalimu. Huko Ulaya wamekutumia sato?"

Tulizunguka ziwa kwa basi kutoka Nyegezi hadi kwetu Bukoba. Mama yako hapandi meli tena. Sweta lilidondosha maji miguuni pangu safari nzima, na kila nilipolikamua lilijaa upya. Tulimzika Jumamosi. Mama yako mwenyewe alilivika shina, akafunga vifungo mpaka shingoni, akasema, "Haya, mwanangu. Lala sasa." Alipofunga kifungo cha mwisho nililigusa. Lilikuwa kavu, lina joto kama limetoka juani. Mvua ilikuwa inanyesha.

Nimekaa siku nne nikitafuta namna ya kukueleza jambo hilo. Sina.

Niandikie neno moja tu: kitanda kikoje?

Baba yako

Milimani
11 Mei 1998

Baba,

Shikamoo wewe na Mama. Kikavu, tangu Jumamosi ile.

Jioni yake Bibi Amparo aliweka bakuli moja. Nikamuuliza kama desturi imekwisha. Akasema desturi gani? Kisha akageuzia kile kiti macho yake yasiyoona vizuri.

"Yule kijana aliyekuwa akitetemeka," aliuliza, "ameondoka leo?"

Nikamwambia ndiyo. Amepata sweta lake.

Kesho kutwa narudi chuoni.

Mwanao,
Odeta