Matofali Mabichi

Jumatatu, 3 Machi
Jua kali. Asante Mungu! Matofali niliyofyatua yanakauka vizuri uani. Mume wangu amepiga simu kutoka kazini kwake huko mbali: akija likizo tutayachoma, kisha tuanze msingi. Nyumba yetu wenyewe — mlango wangu, jiko langu! Nimechoka kuomba ruhusa ya kuhamisha sufuria.
Mama mkwe anatazama mahindi yake yanavyojikunja. Halalamiki. Anaguna tu.

Jumatano, 5 Machi
Sala ya jioni sebuleni, mimi na mama mkwe. Ameomba mvua kwa sauti. Nikaitikia amina — mdomoni tu. Moyoni naomba jua. Mwamba ngoma huvutia kwake. Lakini mahindi hayo ndiyo yatakayotulisha sote! Mvua moja, nyumba moja, na hatuwezi kuiomba pamoja. Najiona mchoyo, na bado naomba.

Ijumaa, 7 Machi
Mawingu. Mama kaosha vyombo huku anaimba. Nimenuna kutwa, namjibu kwa mkato. Akaniuliza kwa upole kama turubai langu linatosha kufunika matofali yote. Nikasema linatosha. Halifiki hata nusu. Kiburi kitaniua.

Jumapili, 9 Machi
Imekuja mchana, ghafla! Nilikuwa nimejilaza; kelele za bati zikaniamsha. Natoka mbio — mama yuko uani, amelowa chepechepe. Turubai keshalitandaza, anafunika upande uliobaki kwa blanketi zake. Zile nzuri za kitandani!
Nikamwambia aziache, aingie ndani, si ndiyo mvua yake aliyoiomba?
“Niliomba ya shamba,” akasema. “Shika huku.”
Nikashika. Safu ya chini ilishageuka tope, likitupita miguuni. Nililia, na mvua ikanisitiri.
Sasa tuko ndani. Bado inanyesha. Mahindi yatakuwa yanakunywa huko, wala hajayataja. Hajabadili nguo pia. Amekaa kizingitini na chai niliyompa, macho kwenye matofali. Kaniuliza, bila kugeuka, kama tutajenga mbali.
Nimemkosea huyu mama, na sijui nianzie wapi.
Kuna kitu kimeporomoka uani. Yeye ndiye aliyeinuka kwanza —