Vidonge vya Mtani Wangu Maganga

Kisarawe, Jumamosi. Mvua ya masika inanyesha tangu asubuhi na haijapumua. Suruali zangu zote mbili zimelowa, nimekaa barazani na shuka kiunoni, mwalimu mzima. Ningejicheka kama siku ingekuwa nyingine.

Nimetoka kwa Maganga saa sita mchana.

Alhamisi tulifanya mtihani pale boma, kwenye ofisi za serikali, walimu watatu kwa nafasi moja: ualimu mkuu wa shule mpya ya Kibaha. Mimi, Maganga, na Yohana wa Kibuta. Mzee wao ni mimi, miaka arobaini na saba, kipara kimeshavuka katikati ya kichwa na kumbukumbu zimekifuata. Wiki zile za kujisomea, nikifika chini ya ukurasa nilikuwa nimesahau juu kulisemwa nini.

Maganga alikuwa dresa, mfunga vidonda, jeshini wakati wa vita, na rafiki zake wa hospitali bado humpatia vidonge. Viko vya aina mbili. Vyeupe walipewa askari ili wakae macho, akili ziwe kali. Vya manjano ni vya kuwalaza majeruhi.

"Wewe mtani nitakupa cheupe," aliniambia hapa hapa barazani, mchana, anakula mihogo yangu bila kukaribishwa. "Yohana nitamtilia cha manjano kwenye chai. Anazijua mno hesabu yule."

"Na wewe utameza kipi?"

"Mimi Mnyamwezi. Nitapita hata nikiwa na mzigo kichwani. Nyinyi Wazaramo ndio mkisikia ngoma mnasahau kusoma."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka.

Ningefanya nini? Huyu ni mtani. Siku ya kumzika baba yangu aliingia kaburini, akajilaza chali, akakataa kutoka mpaka apewe jogoo, na hata mama mjane alitabasamu. Mtu wa namna hiyo hushindani naye. Anakutukana, unamtukana, mnakula sahani moja. Akisema atamlewesha mwenzako, unacheka, basi.

Cheupe nilikipokea. Naandika hapa bila kujipamba: nilikitaka. Nilijiambia kwamba hata miwani ni msaada, na wala sikuona haya.

Yohana nilimdokeza habari za cheupe, tusije tukasemwa tulimficha. Akakataa kwa upole wake ule wa kanisani. "Akili yangu ndogo, kaka, lakini najua inapokaa. Nikiitilia dawa itahama."

Habari za cha manjano sikumwambia.

Asubuhi ya mtihani tulikunywa chai pamoja nje ya boma, na Maganga akashika birika. Mtani akiamua kukuhudumia humnyang'anyi; utamnyang'anyaje mtu aliyewahi kulala kaburini mwa baba yako? Yohana alifurahi sana. "Leo mtumwa wangu ana adabu," akasema, akanywa kikombe chote.

Mimi nilimeza changu kwa siri, kama mtoto aliyeiba sukari. Loo, kilifanya kazi. Mdomo ulikauka, moyo ukaenda mbio, nikaandika kurasa kumi na moja kujibu swali la kwanza peke yake, juu ya kumfundisha mtoto kugawanya. Nilipoinua kichwa, muda ulikuwa umekwisha na maswali manne yalikuwa yananitazama. Akili kali kweli, ila hakuna aliyeifunga hatamu.

Yohana alikuwa amelaza shavu juu ya karatasi. Mkaguzi aligonga meza yake mara mbili. Nilijiambia amechoka, ameendesha baiskeli kutoka Kibuta tangu alfajiri.

Nilijiambia hivyo upesi mno.

Alipokuwa akirudi kwao mchana ule, alianguka na baiskeli kwenye mteremko. Wakulima walimkuta mtaroni, mguu umevunjika chini ya goti. Habari zilinifikia jana.

Leo nilikwenda kwa Maganga ili tufuatane kumpa pole. Sikwenda kumshitaki. Nilimkuta anapaka viatu rangi. Nikatania tu, "Mtani, isije ikawa ulimtilia kweli."

Hakuinua kichwa. "Si nilikuambia?"

Nikangoja acheke. Huwa anacheka.

"Mguu utaunga," akasema, kama mtu anayekuelekeza njia ya kisimani. "Nafasi ya Kibaha haitamngoja mtu. Na wewe ulicheka, mtani. Ningejuaje kwamba hutaki?"

Akanyoosha kiatu mwangani, akakitazama kama kimeng'aa.

Nimewajua Wanyamwezi maisha yangu yote, na hakuna mtani aliyewahi kuniumiza. Huyu mmoja ameuvaa utani kama koti, na ndani ya koti sijui kuna nini. Miaka tisa nimekula naye. Mara ngapi aliniambia ukweli nikamshangilia?

Lakini swali lake ndilo lililonifukuza pale kwake, nikatembea mvuani bila kuona njia. Kwa sababu nakumbuka vizuri kicheko changu cha siku ile. Katikati yake kulikuwa na kitu kidogo, kama kokoto kwenye wali. Niliona kiti cha Yohana kikiwa kitupu, na nikapendezwa.

Jumatatu nitakwenda boma kumweleza mkaguzi, na kidonge changu nitakitaja. Labda Kibaha itanipita, labda na kazi hii niliyo nayo. Sijui.

Ila Yohana asiyasikie haya kwa mtu mwingine. Kesho, mvua inyeshe isinyeshe, nakwenda Kibuta kwa miguu. Nitaanza na sehemu yangu, kabla hajanikaribisha kiti. Ya Maganga ni rahisi kuisema.