Sita Yuko Wapi

Baba Zuhura,

Wewe mtu una moyo wa jiwe. Miezi sita! Miezi sita umelala huko, hata ndotoni hujanipitia. Mama yangu mzazi, aliyekufa nikiwa mwali, mpaka leo anakuja kunigombeza eti kuku hawajaingia bandani. Kuku wenyewe sina tangu tuhamie huku mtaa wa Gerezani, lakini anakuja. Wewe niliyelala nawe kitanda kimoja miaka arobaini na moja, kimya. Makaburini nako ndugu zako wananiambia mwanamke asizoee kwenda. Sasa mimi nisije, na wewe huji, tutaonana wapi?

Basi nakufuata kwa barua. Anayeandika ni mjukuu wako Mwanaidi. Mimi kalamu naijua kwa sura tu. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinirembe.

Nyumbani wazima. Eda yako nimeikaa yote, miezi minne na siku kumi, sikuiba hata siku moja. Televisheni niliifunika kile kitambaa cha maua. Sasa nimerudi jikoni, na mafundi wa gereji wamerudi kula kwangu. Wamekonda, laana ya wali wa watu.

Lakini sikukuandikia habari za wali. Nakuandikia habari za Sita.

Siku ya kwanza nilipotoka eda, mechi ilikuwa saa kumi jioni. Nikavaa baibui, nikaenda tawini. Kibanda kipo vilevile, mabati yaleyale nyuma ya gereji, bendera ya timu imepauka. Na kiti chako kipo. Kile kiti cha gari ulichokichomelea miguu ya vyuma mwenyewe, kabla macho hayajaenda. Hakuna aliyekikalia. Nikavuta kigoda changu, nikakaa pale pale ninapokaa siku zote, ubavuni kwako upande wa sikio zuri.

Mpira ukaanza kwenye televisheni ya tawi. Mimi nikainama, nikasema, "Sita kasimama kati."

Nikakiambia kiti.

Mafundi walinisikia. Hakuna aliyecheka. Heri wangecheka.

Unakumbuka tulivyoanza? Presha ya macho imeshamaliza kazi yake, wewe unashinda kitandani umegeukia ukuta, huli, husemi. Nikakuvuta mkono mpaka tawini nikakwambia leo nitakuwa macho yako. Mimi! Mimi ambaye mpira nilikuwa nauona kama watu wazima ishirini na mbili wanagombea embe. Nikaanza kukutangazia: mpira uko huku, mpira uko kule, aa, umetoka. Ukanishika mkono ukasema, "Mama Zuhura, mpira niachie, makelele ya watu yataniambia uliko. Wewe niangalizie mtu mmoja. Jezi namba sita. Usimwache."

Ndipo nikawa naangalia mtu mmoja. Miaka mitatu. Wanaume wakaruka, wakakumbatiana, mimi sijui nani kafunga, mimi macho kwa Sita. Wakinicheka, "Mama Zuhura, mpira uko kule!" nawajibu mpira unajua kwao, mimi namchunga mtu. Na wewe kila baada ya muda unaniuliza neno lilelile moja, umeniinamishia sikio:

"Sita yuko wapi?"

Nikikwambia kasimama peke yake, hana mpira, ananyoosha kidole, unacheka mpaka jino la nyuma linaonekana. Nikikwambia beki kapanda mbele na Sita kaenda kusimama pale alipotoka beki, unapiga goti: "Kaziba! Kaziba huyo!" Jirani anakuuliza unashangilia nini na mpira uko upande wa pili. Hukumjibu. Ulikuwa na raha yako.

Sikujua mpira, lakini jiko nalijua. Sita ni yule mpishi mwenye vyungu vinne motoni, anayefika kwenye kila chungu kabla hakijaungua. Watu wakishiba wanasifu nazi. Nani aliyewahi kusifu figa?

Sasa sikiliza.

Wiki moja baada ya hiyo siku, akaja katibu wa tawi, Chande. Kaja na heshima zote. "Shikamoo Bibi," marahaba, "poleni na msiba," tumeshapoa. Akanywa chai, akala chapati mbili. Kisha akatoa karatasi mfukoni, na kidude cha wino wa muhuri.

Karatasi ya nini? Akasema, "Bibi, hili ni jambo dogo tu la tawi. Wazee wote wameshaweka sahihi. Limebaki jina la mzee wetu, mwanzilishi, na wewe ndiye uliyebaki. Weka dole hapa tumalize."

Baba Zuhura, mtu ambaye hajasoma haweki dole lake ovyo. Wewe mwenyewe ulinifundisha. Nikamwita Mwanaidi, nikamwambia soma kwa sauti, mstari kwa mstari. Chande akaanza kujikuna shingo.

Karatasi inakwenda kwa viongozi wa timu. Inasema wanachama wa tawi letu wanataka Sita aondolewe. Amezeeka. Hafungi. Hatoi pasi ya goli. Anajaza nafasi ya vijana. Na chini, jina lako. Jina lako wewe! Wameliandika tayari, na kimstari cha dole mbele yake.

Nikamuuliza, unajua huyu marehemu alisema nini kuhusu Sita miaka mitatu mizima pale kwenye kiti chake?

Chande akanijibu. Na nakuletea maneno yake kama alivyoyasema, maana hukupenda mtu akufichie: "Bibi, tulimheshimu sana mzee. Lakini mzee alikuwa haoni. Angejuaje? Alikuwa anamtetea kwa kusikia tu. Hata lile goli la pasi ya nyuma alibisha wiki nzima kwamba si Sita, na dunia nzima imeona ni Sita."

Nikanyamaza. Wewe unanijua, mimi si mtu wa kunyamaza. Nilimwambia tu arudi na karatasi yake, dole langu nitaliweka au sitaliweka mbele ya tawi zima, Jumapili.

Sasa hapa, Baba Zuhura, ndipo penye mfupa. Keti vizuri.

Lile goli. Alikuwa Sita.

Nilimwona. Nilimwona kama ninavyomwona Mwanaidi hapa mbele yangu. Alirudisha mpira kwa kipa bila kuangalia, ukawa mfupi, yule mtu wa upande wa pili akauokota kama kitu chake. Kibanda kizima kikaguna. Wewe ukaniinamia, "Nani? Nani kakosea?" Na mimi nikakuangalia. Ulikuwa umevaa lile shati la kijani. Wiki hiyo ndiyo umeanza kula tena, umeanza kunigombeza tena kuhusu chumvi. Nikasema, "Namba nne."

Nikakudanganya. Mara moja tu, wallahi, mara moja katika miaka mitatu. Na wewe ukasimama na mkongojo wako ukabishana na wanaume wenye macho, wiki nzima, kwa kuniamini mimi. Wakakuachia ushindi kwa heshima, kisha ukipita wakacheka. Na mimi nilijua wanacheka nini. Nikafunga mdomo. Nikakutengenezea chai.

Nilitaka kukwambia. Kila siku nilisema kesho. Halafu kesho ikawa ile Ijumaa uliyotutoka.

Nisamehe. Nimeshalisema, nisikae nalo tena.

Jumapili nikaenda. Kibanda kimejaa, hata Massawe yule muuza vipuri wa ng'ambo ya barabara kaja, na yeye si wa timu yetu, ni mtani wetu wa upande wa pili tangu aliposhuka kutoka Moshi. Kasimama mlangoni na kifua mbele: "Wekeni sahihi upesi wazee wangu, sisi kwetu tumeshampangia chumba cha kulala! Mkitaka nauli ya kumleta semeni!" Wakamzomea. Nikawaambia, mnamzomea nini? Jirani akililia jungu unalotaka kulitupa, kalichungulie tena.

Chande akafungua karatasi yake. Akaweka kile kidude cha wino mezani mbele yangu.

Nikasimama. Nikasema:

"Mnasema mzee alikuwa haoni. Kweli. Macho yalikuwa yangu. Na lile goli mnalomcheka, aliyekosea si yeye. Nilimwambia namba nne, na nilijua ni Sita. Nilimwonea huruma. Kwa hiyo mwenye kuchekwa nipo hapa, cheka anayetaka."

Hakuna aliyecheka. Mmoja alikohoa.

"Mimi nimemwona Sita akikosea kuliko nyie wote, maana nyie mnamwona siku akikosea tu. Nimemwona akichoka. Nimemwona akitukanwa na jukwaa, akajishika kiuno, akarudi kuziba. Na pamoja na hayo yote, dole langu silitoi. Mkilitaka likateni."

Kelele zikaanza. Unawajua. Huyu anasema takwimu, yule anasema kijana wa benchi ana kasi, mwingine anasema Sita anapiga pasi za nyuma kama mtu aliyesahau funguo nyumbani. Huyo nilimjibu: afadhali anayerudia funguo kuliko wewe uliyeacha mlango wazi, ukaibiwa pikipiki. Wakaangua kicheko, hata mwenyewe.

Chande hakucheka. Akasema, "Bibi, maneno matamu. Lakini mpira haupigwi kwa maneno. Mechi inaanza sasa hivi. Tuonyeshe huyo Sita wako."

Nikamwambia, njoo ukae hapa.

Nikamkalisha kwenye kiti chako. Ndiyo, nilimkalisha yeye, usininunie. Nikavua mtandio wangu nikamfunga macho, mafundo mawili kisogoni. Kibanda kikapiga makofi, Massawe akapiga mluzi. Chande akalalamika mtandio unanuka vitunguu. Nikamwambia mume wangu alikaa gizani miaka mitatu, wewe utashindwa dakika arobaini na tano? Nikavuta kigoda, nikaanza.

Mwanzo alikuwa anajipindapinda kama mtoto anayesukwa nywele. "Mpira uko wapi, Bibi? Nani anao?" Sikumjibu. Nikamwambia Sita kasimama mbele ya mabeki. Sita kamsukuma kijana wetu wa kulia aende mbele. Sita kageuka, kaangalia nyuma, kaangalia tena. Sita kakimbia, hakuna anayemkimbiza, kakimbilia mahali patupu. Hapo watu wa upande wa pili walikuwa wanaleta mpira pale pale, wakamkuta, wakarudi.

Kidogo kidogo akaacha kujipinda. Akaniinamishia sikio. Baba Zuhura, nilipoona lile sikio linakuja, nikasogeza kigoda karibu. Nikaendelea.

Dakika chache kabla ya mapumziko tukafunga. Kibanda karibu kiezuke. Wanaume wanarukaruka, wanamwita yule kijana mwenye nywele za rangi, fundi, mtu hatari, mwana wa simba jike, sijui nini. Chande peke yake amekaa, macho yamefungwa, mikono juu ya magoti. Akapaza sauti juu ya kelele zote:

"Sita alikuwa wapi?"

Hivyo hivyo. Sikumfundisha.

Nikamwambia: beki wa kushoto alipanda kupeleka mpira kwa mfungaji, na Sita alikuwa kaenda kusimama alipotoka beki. Hakuugusa mpira hata mara moja. Ndiyo maana beki alipanda bila kuangalia nyuma.

Chande akafungua mtandio, akaukunja vizuri, akanipa kwa mikono miwili. Akasema, "Mzee aliona," basi. Karatasi akaikunja akairudisha mfukoni.

Sitakwambia ameichana. Hajaichana, na wengine bado wanabisha, jana tu mmoja kaniambia goli lile lingeingia hata bila Sita. Ila haijapelekwa popote, na jina lako limefutwa. Nilisimama juu yake mpaka akalifuta, na Mwanaidi akanisomea kuhakikisha. Wakiiandika upya, wataniletea upya, na jibu wanalijua.

Kiti sasa nakikalia mimi. Walitaka kukipeleka stoo, "kibaki kumbukumbu". Nikasema kumbukumbu haiwekwi stoo na panya. Nakaa humo kila mechi, na nakuahidi hivi, na huu si uongo mwingine: maadamu macho haya yana nuru, simwachi Sita. Akikosea nitasema kakosea, kwa sauti, mbele ya watu. Siku akitundika viatu nitasimama nimpigie vigelegele hata kama nitakuwa peke yangu, nao wamuulize Mungu mama huyu kapatwa na nini.

Mungu akupe nuru huko, mume wangu. Akurudishie yale macho.

Nawe sasa njoo. Njoo siku ya mechi, usije siku ya kazi, siku ya kazi nalala kama gogo. Usisimame mlangoni kama mdai, wala usiulize nani kafunga. Kiti chako nimekikalia na sikuachii. Kigoda kipo ubavuni, kivute. Safari hii wewe ndiye mwenye macho. Niambie Sita yuko wapi, nami nitajua kama unanidanganya.

Mama Zuhura